Mazoezi Yananichosha

Alhamisi, katikati ya Julai 2017. Yeoville, Johannesburg.

Baridi kavu, jua lisilo na joto. Nimeamka, nimeoga, nimekunywa chai. Sikumbuki kama ilikuwa na sukari.

Tangu kaka yangu Elijah afariki mwezi wa nne, siku zangu ziko hivi. Wakati ule kibali changu cha kuishi hapa kilikuwa ofisini, kinafanywa upya, na kama ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Akazikwa Nakuru, mimi nikatazama kwa simu. Kibali kilitoka mwezi uliopita. Bado sijaenda. Sijalia pia, na mama akipiga simu mara tatu napokea moja.

Kilichobaki ni kazi.

Nasomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu ni hojaji ya Kiswahili kuhusu mazoezi: faida ambazo watu wanaziona, na vikwazo. Nawauliza Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wenzangu wanaoishi Johannesburg. Lazima nihakikishe kila sentensi ina maana ileile kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Sentensi moja imekataa. "Mazoezi yananichosha." Tuliiweka kwenye vikwazo. Wanaume wengi wanaoikubali hawafanyi mazoezi. Wanawake wanaoikubali ndio hao wanaotembea kila siku. Jana msimamizi wangu aliniambia niitoe, nimalize, nihitimu. Nikasema sawa.

Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu.

Leo alasiri nilipita saluni kwa Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, kuchukua hojaji yake ya pili. Kila mtu anaijaza mara mbili, wiki mbili zikipita, tuone kama majibu hayabadiliki. Yake hayakubadilika: nakubali kabisa. Sikuwa na haja ya kuuliza, sentensi yenyewe ilikuwa inatupwa. Nikauliza tu, inakuwaje yanamchosha na bado anatembea.

Hakuacha kusuka. Akanieleza kwamba kila asubuhi, kabla ya kufungua saluni, anakwenda kwa miguu hadi Joubert Park na kurudi. Hana anachofuata kule. Mumewe ni mlinzi Marshalltown, anasimama langoni zamu nzima, na anamshangaa mtu anayejichosha kwa hiari.

"Miye nikichoka, njo nalala," akasema. "Nikikosa kuchoka, naona wale tuliacha kule."

Mteja aliyekuwa kitini akaitikia kwa kichwa, polepole, nywele zisivutike.

Mama Furaha akanitazama kwenye kioo. "Na weye, dada? Unachokaka?"

Nilimwambia sijui kama huwa nachoka. Kisha nikamweleza habari za Elijah, sentensi mbili, kama mtu anayesoma ripoti. Alimaliza kichwa kile, akavua aproni, akaniambia twende.

Tulitembea karibu saa nzima, njia yake ileile ya asubuhi. Kwenye kila robot, taa za kuongozea magari, alinishika mkono mpaka magari yasimame, kama mtoto. Tulipokuwa tunapanda kurudi Yeoville, miguu ilianza kuuma, hasa mbele, kwenye mifupa. Haikuwa huzuni. Ilikuwa miguu tu. Lakini niliyahisi maumivu yale, na nilishangaa kuyahisi.

Nilipofika nyumbani nilimwandikia msimamizi kwamba sentensi haitoki. Tutaigawa mbili, kuchoka kunakomzuia mtu na kuchoka kunakompa usingizi, na nitarudi kwa watu wote, wanaume na wanawake. Akajibu kwa mstari mmoja: nitachelewa kuhitimu hadi mwakani. Nikajibu kwamba najua.

Halafu nikampigia mama, mimi mwenyewe. Hakulia, wala mimi. Nikamuuliza kama kaburi limeshajengewa.

"Bado," akasema. "Tunakungoja wewe."

Nikamwambia nitakuja Agosti. Nilijisikia nikisema, kana kwamba ni mtu mwingine chumbani.

Lakini nimesema, na yeye amesikia.