Macho ya Baba Njeri

Wheaton, Jumanne, Novemba

Kwa nini nilisimama kanisani Jumapili kushuhudia kwamba kipimo cha saratani kwenye damu ya Baba Njeri kimeshuka? Akina mama walipiga vigelegele kana kwamba saratani ya kongosho imekwisha.

Leo kimepanda. Daktari amesema tusikate tamaa mapema, namba moja haitoshi, tungoje skani. Hata mrija wa nyongo ukiziba tu, bila saratani kukua, kipimo hupanda, ila hapo macho mara nyingi hugeuka manjano.

Tulipofika nyumbani nilimsimamisha chini ya taa ya jikoni.

"Unatafuta nini machoni mwangu, Mama Njeri?"

"Kibanzi," nikasema.

Sikuwahi kufikiri ningemwomba Mungu ampe mume wangu macho ya manjano.

Ni meupe pe.