Mrija Usio na Mafuta

Mpendwa dada Nambozo,

Ni wewe uliyenifundisha kazi katika maabara yetu pale Jinja. Tulikuwa tukichunguza kama protini moja ya kimelea cha malaria inashika utando wa seli, ile ngozi nyembamba ya mafuta inayoizunguka. Ulikausha mafuta ndani ya chupa ya kioo mpaka yakabaki kama ukungu, ukatia maji, ukatikisa, vibofu vidogo vikajiunda. Tukavichanganya na protini katika mirija, tukaizungusha kwenye mashine. Protini iliyoshika vibofu hushuka navyo chini. Isiyoshika hubaki juu, majini.

"Usisahau mrija usio na mafuta," uliniambia. "Protini ikishuka na humo, basi imeshuka yenyewe."

Siku ya jaribio sikuuweka, kwa haraka zangu. Matokeo yakapendeza, mkuu wetu akayapeleka kwa wafadhili. Ulipouliza habari za mrija ule, nilirudia jaribio peke yangu. Protini ilishuka humo vilevile. Ilikuwa imegandana mabonge tu, haikushika chochote. Nikaumwaga, nikauosha.

Ukamweleza mkuu wasiwasi wako, naye akatuita wote wawili. Nikasema mrija niliuweka na chini hapakuwa na kitu. Nikaongeza kwamba tangu nisifiwe una kinyongo nami. Mkataba wako ulipoisha, hawakuuendeleza. Nilikubebea mizigo hadi kwenye teksi za Mbale, na ukanishukuru.

Mwezi uliopita nilimwambia mkuu ukweli. Matokeo yameondolewa, nami nimesimamishwa kazi. Nikaja kukutafuta mtaani kwako Namakwekwe, hapa Mbale. Mwenye nyumba akasema umehamia Kenya, akanielekeza kwa mama yako, kule mlimani Wanale. Mama alinipokea kwa furaha. Jina langu alilijua. Kumbe ulimwambia tu kwamba kazi iliisha, na kwamba mimi ni rafiki uliyemwacha Jinja. Nikaweka chini kikombe cha chai aliyonipa. Nikamwambia yote.

Akasema, "Mwandikie mwenyewe. Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Akanipa anwani yako. Sikuombi unijibu, dada. Nakala ya barua hii nimeibandika kwenye mlango wa maabara, kwa sababu waliosikia uongo wangu juu yako bado wanapita pale kila asubuhi.

Kaa salama huko uliko.

Ni mimi, mdogo wako,
Kagoya