Ghorofa Aliyoipanga Eli

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimepandisha maji tangu asubuhi. Pampu ya Mzee Karim, mwenye nyumba, imekufa tena, na maji ya bomba yanaishia chini. Bafuni kuna beseni jeupe ambalo mtu mzima anaoga amelala. Nalijaza kwa ndoo. Mabega yanawaka moto.

Nimesugua sebule. Sakafu ya vijiwe vya rangi, madirisha marefu yenye vioo vyekundu na bluu, roshani ya kuzunguka pande mbili. Baba yake Mzee Karim alijenga enzi za Mwingereza, na ghorofa hii ya juu kabisa aliwatengea wanawe. Wanawe wengine wako Kanada. Sasa tunakaa sisi.

Mume wangu Eli kakohoa asubuhi nzima. Mchana hakula.

Jumamosi, 8 Juni

Sokoni Kiboriloni nimekutana na majirani wetu wa zamani. Wanataka kuja kuona nyumba. Nimewakwepa. Wamesema siku hizi naringa. Waseme. Eli hataki wageni.

Mwaka huu umeanza tukiwa kule, chumba kimoja, choo cha wapangaji wote. Mwezi wa tatu Eli akarudi kutoka Mererani anakonunua na kuuza mawe ya vito, akasema tunahamia mjini, juu kabisa, kodi ya mwaka keshalipa. Nilifurahi kama mtoto. Nilidhani ni kwa ajili yangu.

Leo nimerudi nikamkuta roshani, kajifunika blanketi jua linawaka, anatazama watu barabarani. Mtu mmoja akainua kichwa. Eli akavuta kiti nyuma haraka, akaingia ndani.

Nikasimama pale na kikapu changu. Nimeelewa. Hakupanga nyumba. Amepanga maficho.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemuuliza. Tangu lini unajua una ugonjwa huu?

"Tangu Krismasi," kasema.

Tangu Krismasi. Na tumelala kitanda kimoja siku zote hizi.

Nimekwenda jikoni. Nimelia mpaka mtori wa ndizi ukaungua. Nikamenya ndizi nyingine, nikapika upya. Kala vijiko viwili, mimi ndiye niliyemlisha. Sijui ni mapenzi au ni mazoea tu.

Baadaye kanieleza. Mwaka jana kule kwao Masama alikufa rafiki yake kwa ugonjwa huuhuu, walikuwa wamekua pamoja. Watu walikuja kumtazama kama wanakwenda mnadani. Watoto walichungulia dirishani. Alipokufa wakachoma godoro, kikombe chake wakakifukia. Eli aliyaona yote.

"Usikubali wanibebe kunipeleka kule nikiwa hai."

Nimeahidi. Namchukia, na nimeahidi.

Jumapili, 16 Juni

Shemeji Ndekirwa, kaka yake Eli, kateremka kutoka Masama kunitafuta. Kanisubiri nje ya kanisa. Shikamoo. Marahaba. Eli yuko wapi?

Nimesema Nairobi, kwenye biashara. Nimesema uongo nikiwa na Biblia mkononi.

Hakupandisha sauti. "Mjini wanasema amekanyaga miwaya, ana ule ugonjwa. Mama halali, shemeji. Ukitufichia ndugu yetu, siku moja tutakuuliza wewe."

Najua wataniuliza. Miaka sita ya ndoa na sina mtoto wa kuwaonyesha. Eli akishakufa, kwao mimi ni nani?

Jumatano, 26 Juni

Hawezi tena kufika bafuni. Nambeba. Ni mwepesi, inatisha. Mwanamume aliyekuwa akinibeba mimi kwa mzaha.

Baridi. Mlima haujaonekana wiki nzima, mawingu matupu. Macho yake yamefifia, ananiuliza kama umetoka. Nimemwambia umetoka, theluji yote iko wazi. Akatabasamu.

Mzee Karim kapanda. Kasimama mlangoni, kitambaa puani. Wenye duka la chini wanalalamika juu ya harufu na mashuka yanayoanikwa kila siku.

"Sikufukuzi, mama. Lakini mtu akifia hapa, nani atapanga tena?"

Nimefunga mlango. Kisha nikanusa nyumba yangu mwenyewe. Anasema kweli. Mimi nilishazoea.

Jumapili, 30 Juni

Mama mkwe amekuja. Peke yake. Sijui nani kamwonyesha njia. Nilimsikia ngazini, anapanda, anapumzika, anapanda.

Nikapiga magoti. Shikamoo mama. Hakuitikia. Kanipita, akafungua mlango mmoja baada ya mwingine, vyumba vyote hivi vikubwa, mpaka akamwona.

Nikangoja kilio. Hakulia. Kaweka kikapu chini, akavua viatu, akamshika miguu.

"Ana baridi huyu. Lete maji ya moto."

Kamwosha mwili mzima. Alikuwa anamsemesha Kichagga kama anavyosemeshwa mtoto mchanga. Eli kalia. Hajawahi kulia mbele yangu.

Kisha tukakaa sebuleni, mimi na yeye.

"Kesho tunampeleka nyumbani."

"Mama, nilimwahidi."

"Ulimwahidi wewe. Mimi niliyemzaa hamkuniuliza."

Nikamwambia hataki kutazamwa. Nikamweleza habari za yule rafiki yake, godoro, kikombe. Naye alikuwepo siku ile, kasema. Naye alikwenda kutazama.

"Mlango wake nitaukalia mimi. Hataingia mtu."

Jumatatu, 1 Julai

Shemeji kaja na gari la kukodi na binamu zake wawili. Wamemfunga Eli kwenye kiti kwa vitenge vyangu ili asianguke. Alisema hapana. Alisema tena. Sauti haikutoka vizuri lakini sote tulisikia.

Kisha akaniita mimi, kwa jina langu.

Nilikuwa nimeshika mto wake. Ningeweza kusimama mlangoni. Ningeweza kupiga kelele. Nilichoka. Ndiyo kweli yenyewe, nilikuwa nimechoka, na nilitaka mtu mwingine ambebe.

Walishuka polepole. Kiti kiligeuzwa uso wake uelekee juu, kwangu. Ngazi zote alinitazama. Chini wenye duka walitoka nje, na wateja, na wapita njia. Waliangalia tu, hivyohivyo kama alivyoogopa.

Jumapili, 7 Julai. Masama

Mama mkwe alitimiza neno lake. Aliweka kigoda mlangoni, mchana kutwa. Shangazi walirudishwa. Mzee wa ukoo mwenyewe alirudishwa. "Amelala," basi. Watoto waliosogea dirishani aliwafukuza kwa fimbo.

Eli hakusema nami tena. Nilimlisha, akameza. Nilimgeuza, akageuka. Alisema na mama yake, maneno machache. Mimi hapana.

Kafa Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nimekwenda kukata majani ya ng'ombe. Niliporudi na mzigo kichwani, mama mkwe alikuwa amesimama, kigoda kitupu. Nikajua.

Tumemzika jana kwenye kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba, kando ya baba yake. Mvua nyembamba. Mchungaji hakutaja ugonjwa. Wanawake walinong'ona kwamba nilimleta akiwa keshaisha, kwamba nilimficha ili nile mali. Kwenye chakula cha msiba mtu kaniwekea sahani yangu peke yake, pembeni.

Nimeila. Nilikuwa na njaa.

Jumamosi, 20 Julai

Nimerudi mjini tangu wiki iliyopita. Kodi bado ipo. Mzee Karim kanipa pole ngazini, akatazama viatu vyake.

Jumanne nimepima. Jana nimepewa majibu. Ninao.

Sikushangaa. Nilirudi nikalala na nguo zangu.

Leo mama mkwe kaja bila taarifa, na ndizi na maziwa. Kaingia jikoni moja kwa moja. Alipokuwa anamenya nikamwambia. Nilitaka asikie kwangu, asisikie sokoni. Kisu kilisimama kidogo. Kisha kikaendelea.

"Unakula?"

"Kidogo."

"Washa jiko."

Tumekula kwenye bakuli moja. Yeye ndiye aliyepakua hivyo. Nilitaka kuchukua sahani yangu, akausogeza mkono wangu, akanipa kijiko.

Hajasema nirudi Masama. Hajasema nisirudi. Sijui kama amenisamehe, wala sijui ni lipi kati ya yote anapaswa kunisamehe. Hatukumzungumzia Eli.

Sasa kalala kwenye kochi, anakoroma. Nimemfunika. Kanga yangu imekuwa fupi, miguu imebaki nje.

Kesho amesema tutakwenda kanisani, mimi na yeye. Tutakaa benchi la mbele.