Nilishuhudia Kanisani Kuwa Mume Wangu Amepona

Mpendwa Mama Kalekye, nakuandikia nikilia. Mume wangu Kilonzo ni mkulima hapa Matiliku na mzee wa kanisa, na mwezi wa tatu tukiwa shambani jicho lake la kushoto liliingia giza ghafla na mkono wa kulia ukalegea, nikamwombea papo hapo na baada ya dakika kumi akawa mzima, basi Jumapili nikasimama mbele ya kanisa nikashuhudia kuwa Mungu amemponya, watu wakapiga makofi, na mimi nikajiona mtu. Wiki iliyofuata daktari akampima shingo kwa mashine akasema mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo umekuwa mgumu na njia yake imekuwa nyembamba, akampa dawa za kila siku, lakini hazimezi, nikimsihi ananiambia, "Mutindi, si ni wewe ulisema nimepona? Sasa unataka watu waseme tulidanganya Mungu?" Alhamisi tukila, kijiko cha muthokoi kilimponyoka, mdomo ukaenda upande, kisha ukarudi, na mimi nikapangusa sakafu nikanyamaza. Nifanye nini?

Mutindi, Matiliku

Mutindi, pole sana. Naona unampenda huyu mtu, na bado ulipangusa sakafu ukanyamaza. Hapo umenikasirisha, sitakuficha.

Kile ulichokiita kupona kilikuwa onyo. Mshipa wa shingo ukiwa hivyo, kipande cha uchafu kikimeguka ndani yake kinaenda kuziba damu kwenye ubongo. Mara mbili damu imepata njia, ya tatu huna hakika. Ndugu yangu Kitonga kule Nuu alipata onyo kama hilo, tukasema ni uchovu wa kulima. Huu ni mwaka wa nne namlisha uji, na hawezi kuniambia kama ni moto. Nalia nikiandika haya.

Mpeleke hospitali leo, usingoje kesho, na umweleze daktari yale ya Alhamisi yote. Mkono ukilegea tena, hata kwa dakika moja, tafuta gari kwanza, mtaomba mkiwa njiani. Na shingo isikandwe na mtu.

Ushuhuda ule ulikuwa wako, kwa hivyo urekebishe wewe. Mwite pasta nyumbani, umwambie Kilonzo mbele yake, "Nilisema mapema, nisamehe, meza dawa." Kanisa litanong'ona juu yako Jumapili mbili tatu. Ukinyamaza, litakuja lote kwako, na hema na viti vya matanga.