Siku Niliyopanga Foleni kwenye Dirisha Langu Mwenyewe

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, ukitoa mafua ya wifi yako, ambayo yeye anasema ameyapata kwangu na mimi nasema ameyapata kwake. Nanyi je? Shemeji kifua kimepoa? Wapwa zangu wamemaliza mitihani? Na wewe mwenyewe, ambaye ukiulizwa hali unajibu za watu wengine, unaendeleaje? Safari hii nijibu la kweli.

Najua utashangaa kupata kurasa nyingi hivi kutoka kwa mtu ambaye mara ya mwisho alikuandikia mistari minne, miwili ikiwa ya anwani. Kuna jambo nataka kukuambia, lakini siwezi kulianzia mkiani. Nivumilie nianze na Daktari Kwa Nini.

Mganga mfawidhi wetu wa zamani alistaafu, tukaletewa daktari mwanamke, mdogo kiumri, mwenye viatu vya raba visivyotoa sauti. Hakuja na hotuba. Alikuja na swali moja, akazunguka nalo kituo kizima kwa wiki mbili kama mtu aliyeangusha pete. Alinikuta dirishani akaniuliza kwa nini mgonjwa anachukua karatasi kwangu, dirisha la kwanza, anaipeleka dirisha la pili kugongwa mhuri, kisha anairudisha kwangu. Nikamwambia ndio utaratibu. Akauliza kwa nini. Nikamwambia mhuri uko dirisha la pili. Akauliza kwa nini uko huko. Ikabidi aitwe Mzee wa Mhuri mwenyewe, naye akakuna kidevu mpaka akakumbuka kwamba zamani droo yangu iliharibika kitasa, mhuri ukahamishiwa kwake kwa muda. Kitasa kilitengenezwa mwaka aliozaliwa kitinda mimba wangu. Huyo mtoto sasa anavaa viatu vyangu.

Baada ya mhuri akaja kwenye daftari la kijani. Unajua kwamba kila mgonjwa namwandika mara tatu: daftari kubwa, kadi, na daftari la kijani, ambalo kila mwisho wa mwezi linapelekwa ofisi ya afya ya wilaya. Daktari akapiga simu huko kuuliza linatumika kwa kazi gani. Bwana aliyepokea akamjibu kwa heshima kabisa kwamba madaftari yetu yanafika vizuri, yamepangwa kabatini kwa mwaka na mwezi, hakuna hata moja lililoliwa na mchwa, na kwamba wao walidhani sisi ndio tunaoyahitaji. Miaka kumi na mmoja nimeandika kijani, Dada! Mwandiko mzuri, mistari imenyooka! Nilikwenda chooni nikakaa kidogo.

Basi, kikao cha Jumatatu, daktari akatangaza jambo lililotufanya wote tuangalie dari. Kila mfanyakazi, mmoja mmoja, atapita asubuhi moja kama mgonjwa. Avae nguo za nyumbani, aingie kwa geti la mbele, akae kwenye benchi, apite madirisha yote, kisha aandike alichokiona. Wenzake wakimtambua wasimpe upendeleo wowote. Mimi nilicheka kuliko wote. Tukapiga kura kwa vikaratasi nani aanze, na kikaratasi changu ndicho kilichotoka.

Wifi yako alinivalisha shati lile la kulimia na kofia, nikaweka na barakoa. Tukakubaliana kwamba ninaumwa kichwa. Nilifika saa moja na nusu nikiwa na kichwa kizima kabisa. Mlinzi, ambaye kwa miaka tisa ananiita Bosi na kunipokea mkoba kila asubuhi, alinizuia kwa rungu akaniambia, “Wewe mzee, mstari uko kule, au huoni?” Nilimwangalia tu nikimsubiri acheke, lakini alikuwa anamaanisha.

Sasa, Dada, mimi nilidhani foleni yetu ni watu. Kumbe ni vitu. Watu wanakuja alfajiri, wanaacha kitu cha kushikia nafasi, halafu wanakwenda kukaa kivulini. Nikaambiwa niko nyuma ya mwavuli mwekundu. Mbele ya mwavuli kulikuwa na kandambili moja, ndoo, na jiwe ambalo kila mtu aliliheshimu ingawa hakuna aliyejua ni la nani. Nilikaa saa nzima nyuma ya ule mwavuli. Mwenyewe alipokuja alikuwa na dada zake watatu, na wote wakasema waliwakilishwa na mwavuli huo huo.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja anayekuja kila mwezi kwa ajili ya presha. Aliponiona mgeni akanihurumia, akaanza kunifundisha. Karatasi ikunje mara moja tu, ukikunja mara mbili unarudishwa. Dirisha la pili usikohoe, Mzee wa Mhuri anaogopa kuambukizwa, atafunga. Na kwa dirisha la kwanza, akasema, sema jina lako haraka na usitegemee salamu, maana Utosi hana salamu.

Nikamuuliza Utosi ndiye nani. Akasema ni karani. Nikauliza kwa nini anaitwa hivyo. Bibi akasema kwamba tangu aanze kuja pale hajawahi kuuona uso wa yule mtu, anaona utosi tu umeinamia madaftari. Akaniambia, bila ubaya wowote, kama mtu anayesimulia habari za jirani: “Upara wake tumeuona ukizaliwa. Ulikuwa kama kifungo cha shati. Sasa umefika sahani ya chai.” Benchi zima likacheka. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akaongeza kwamba yeye anapima miaka ya mwanawe kwa upara huo. Nikaivuta kofia yangu chini mpaka kwenye nyusi.

Hapo, nakiri, nikafanya kosa. Nikajisemea kwamba nimeona ya kutosha, nikanyanyuka polepole nikazungukia mlango wa nyuma ambao naujua mimi. Nesi wa zamu akanikuta kwenye korido. Alinitambua, nilimwona macho yakicheka, lakini akaniambia kwa sauti ya juu, “Baba, foleni ni huko nje.” Nikarudi. Nafasi yangu ilikuwa imekwisha. Mwavuli na dada zake walikuwa wamesogea, na nyuma yao wote walikataa kunijua. Bibi ndiye aliyenitetea. Alinishika mkono, akanikalisha kwa nguvu, akaniambia wezi wa foleni wanamalizikia vibaya, lakini kwa kuwa mimi ni mgonjwa wa kichwa, huenda sikujua nifanyalo.

Saa nne na nusu nikafika dirisha langu. Ndani alikaa mama wa usafi, aliyekabidhiwa kalamu yangu kwa siku hiyo pamoja na karatasi ya maelekezo ambayo mimi mwenyewe niliandika na kuibandika ukutani. Huyo mama ana kumbukumbu kali, na nadhani miaka yote niliyokanyaga sakafu aliyotoka kuipiga deki alikuwa ameitunza mahali. Hakuinua uso. Akasema, “Kadi.” Nikatoa. Akasema, “Nakala.” Nikasema sina. Akanisomea kutoka ukutani, neno kwa neno: bila nakala ya kadi hakuna huduma. Nikajikuta nabishana na sentensi yangu mwenyewe! Nikamwambia hiyo kadi ameishika mkononi, nakala ni ya nini? Akanisomea mstari wa pili: karani hajibu maswali.

Nikavuka barabara kwenda kutoa nakala. Mashine ilikuwa imekwama. Niliporudi, mwenye mhuri alikuwa amekwenda kunywa chai. Alipotoka chai, dirisha la kwanza walikuwa wanahamisha majina kwenye daftari la kijani, lile la kabatini. Nilipomfikia daktari ilikuwa saa saba na dakika kumi. Akaniuliza kwa upole nasumbuliwa na nini. Nikamjibu kwamba kichwa kinauma, na wallahi, Dada, kilikuwa kinauma kweli.

Nilipewa siku tatu kuandika ripoti. Niliandika kurasa sita nikazichana, nikaandika mbili. Nilipozisoma kikaoni walicheka mpaka mfamasia akashika ukuta. Nilipofika kwenye Utosi niliruka mstari, kisha nikarudi nikausoma.

Hatukuletewa jengo jipya wala wafanyakazi wapya. Mhuri ulisafiri hatua nne ukaingia droo yangu. Daftari la kijani tukalizika. Ile karatasi ya ukutani niliibandua mwenyewe. Kila anayefika sasa anapewa namba iliyoandikwa saa ya kurudi, ili mtu wa saa nne asikae pale tangu alfajiri. Kikao cha wafanyakazi kimehamishwa kutoka Jumatatu asubuhi, siku ambayo tulikuwa tunajifungia kujadili msongamano huku msongamano ukitugongea mlango. Meza yangu imeinuliwa kwa matofali mawili, nami nakaa kwenye stuli ndefu, macho yangu sawasawa na ya mgonjwa. Mzee wa Mhuri alinuna siku nne. Daktari akamweka getini kupokea watu na kuwaelekeza, na sasa hataki hata kwenda likizo, anasema watu watapotea.

Wiki ya kwanza, ilipofika saa tano mabenchi yalikuwa matupu. Mlinzi akaja kuniuliza kwa kunong’ona kama tumegoma. Hata wilayani walituma watu wawili waje kuangalia wagonjwa wamekimbilia wapi. Wakahesabu, wakakuta tumehudumia wengi kuliko wiki kama hiyo ya mwezi uliotangulia. Wakaomba waone na daftari la kijani ili wahakikishe.

Yule bibi wa presha alikuja siku yake. Nilisema, “Shikamoo, bibi, karibu.” Akasimama akaniangalia muda mrefu, akageuka kuhakikisha dirisha ni lile lile, kisha akasema, “Kumbe una macho.” Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini alipoondoka nilishindwa kuandika jina la aliyefuata, kwa sababu nilikuwa nakufikiria wewe.

Dada, hapa ndipo nilipokuwa napakwepa kurasa zote hizi.

Mwaka juzi, msimu wa mvua, ulikuja kituoni kwetu na goti lako. Baadaye ulituambia sote kwamba ulikuta pamefungwa, ukarudi. Hapakuwa pamefungwa. Ulipanga mstari tangu asubuhi, ukafika dirishani kwangu ukasema jina lako, nami nikasema, “Nakala.” Ukasema huna. Nikasema rudi Alhamisi. Sikuinua uso. Ulichukua kadi yako ukaondoka.

Wewe unadhani sikukujua. Kwa miaka miwili umenificha aibu yangu, hata mbele ya wifi yako hukuigusa. Lakini nilijua. Nilikuwa nimeanza kuandika jina, nikafika kwenye jina la baba yetu, kalamu ikasimama. Nikainua kichwa nikakuona mgongo, unashuka zile ngazi tatu upande upande, umeshika ukuta. Ningeweza kukuita. Sauti ilikuwepo. Nilitazama ile foleni, nikaona nikikuita watajua kwamba nimemfukuza dada yangu wa tumbo moja, na nikiwaacha wao nikukimbilie watasema nina upendeleo. Nikasema, “Anayefuata.” Jioni ulipotuambia palikuwa pamefungwa, mimi ndiye niliyeitikia kwamba ndiyo, tulikuwa na kikao.

Nimejaribu kujitetea kwa utaratibu, kwa foleni, kwa mvua. Hakuna kinachoshika. Nisamehe, Dada. Na wala usiharakishe kunijibu kwamba yamepita, kwa sababu goti lako halijapita. Wifi yako ameniambia sasa unapanda ngazi kwa kukaa.

Daktari wa mifupa anakuja kituoni kwetu Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Sikukuwekea nafasi kwa mlango wa nyuma. Nilipanga mstari kwa niaba yako, siku ya mapumziko yangu, na Mzee wa Mhuri akanipa namba kumi na nne, saa nne na robo. Nimeibandika chini ya ukurasa huu kwa gundi, isidondoke. Siku hiyo nimeomba ruhusa, sitakuwa dirishani. Nitakuja kukuchukua nyumbani mapema, tutembee kwa mwendo wako, na kwenye benchi nitakaa pembeni yako.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Wifi yako anakusalimu, anapiga chafya. Usiponijibu, nitakuja hata hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Karani wa dirisha la kwanza