Mbeleko ya Dungusi

Nsemulwa, Mpanda

Mayu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na mimi nimekwama hapo hapo. Yangu ni njema. Mume wangu Masanja mzima isipokuwa goti lake, watoto wanakula kuliko wanavyosoma, ng'ombe wa baba bado wapo. Ya kwako nitaiulizaje? Basi niseme tu kwamba leo asubuhi nimeona kitu, nikageuka nikuite, mdomo umeshafunguka kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba hupo. Nikasimama na ndoo kichwani kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Masanja nimemweleza, akasema, "Ni zuri," akaenda kunywa chai. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia nini zaidi? Ndiyo maana nakuandikia wewe, niliyekuita mayu, mama kwa Kisukuma chetu, ingawa hukunizaa.

Lakini sianzi na hicho nilichokiona. Ulinifundisha mwenyewe kwamba chenye miiba hakishikwi kwa papara.

Naanza na msiba wako. Ulituacha katikati ya zile mvua za El Niño, ukaondoka bila kuona jinsi zilivyotufanya. Barabara ya Mwese ilikatika, treni ikawa hadithi, nguo zikaota ukungu ndani ya sanduku. Watu walikuja hivyo hivyo. Wewe uliyekuwa unasema utazikwa na padri na mbwa tu! Warundi wenzako walitoka Katumba kwenye makazi ya wakimbizi, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, wakaimba usiku kucha mpaka mimi nisiyejua Kirundi nikaanza kuitikia. Baba yangu alileta dume. Jirani yako Mama Anyesi akashika jiko pamoja na wanawake wa mtaa, na mimi wakanikalisha ndani upande wa wafiwa, kwa kuwa hukuwa na binti mwingine. Nililia, mayu, nililia mpaka nikaona aibu.

Huko nje pakakosekana pa kulala. Mama Anyesi akautazama ule upenu wako wa nailoni, makopo yako yote ya mimea yamejipanga chini yake, makavu, akasema, "Miti inapata pakavu, wageni wa watu walale mvuani?" Wakayatoa. Moja moja, kwa adabu kabisa, wakayapanga uani. Na mvua ilipopumzika kidogo, wakayamwagilia! Kila aliyemaliza kusuuza sufuria aliyapitishia maji. Walinisimulia wenyewe baadaye, kwa kujisifu. Mama mmoja wa Katumba alikuwa anapita na ndoo akiwaambia dungusi zako, "Poleni, mama yenu ameondoka, nyie msife kiu." Walisema alikuwa analia kweli.

"Usimwagilie kwa huruma." Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukimwambia kila aliyekuja kuomba kichipukizi. Kiu haiui dungusi, inayoiua ni huruma. Lakini usiwalaumu, mayu. Walikulilia kwa ndoo.

Nilikuja kuyaona makopo siku ya kuanua matanga. Mshubiri ulikuwa umestahimili. Umuravumba wako wa kikohozi ndiyo kwanza ulikuwa unasherehekea, na sasa umefika mpaka chooni kwa Mama Anyesi. Anaufyeka kama magugu, halafu akikohoa anakuja kwangu kuomba majani. Mnyaa hata haukujua kama kuna msiba. Ila dungusi zilianza kwenda. Asubuhi unaikuta imesimama vizuri, kijani, miiba yake mikali, ukiigusa kwa kijiti ngozi inaachia na ndani ni uji mtupu. Ile ndefu yenye mbavu ilikwenda. Ile yenye mvi kama bibi kizee ikaifuata. Nikabaki na ile ya mviringo, Mgeni wako, peke yake, na ukimtazama kwa chini na yeye alikuwa ameanza kugeuka rangi.

Unajua mwenyewe Mgeni alikuwa nani kwako, lakini niache niseme, maana nikisema nakuwa na wewe. Ulikuwa unafua nguo za masista huko kwenu Burundi, na masista walikuwa na bustani ya mimea ya ng'ambo. Mwaka ule mlipokimbia ulikuwa na mbeleko tupu. Mwenye mbeleko, mwanao Yozefu, surua ilikuwa imeshamchukua. Ulinisimulia mara moja tu, tukichekecha mchanga wa mtoni wa kujazia makopo, na hukuacha kuchekecha. Ulisema mgongo ulikuwa mwepesi mno, ukashindwa kutembea. Ukaingia bustanini, ukang'oa dungusi moja ya mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto, ukaizungushia maganda ya mgomba na kuifunga mgongoni. Kwenye lori watu wakakupisha ukae. Mama mmoja akauliza mbona mtoto wako hata halii. Ukamjibu, "Anachoma, lakini halii." Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia, na wewe ukaniambia mchanga haujichekechi.

Kwa masista ilikuwa inatoa maua. Huku ikagoma. Vichipukizi vyake vilioza kila masika, na ua hatukuliona hata la dawa. Mtu akiuliza, unamjibu, "Huyu bado mgeni, hajavua viatu. Siku akivua mtaona." Ulikuwa ukisema hivyo ukimtazama yeye, lakini mara nyingine nilikuona unatazama miguu yako mwenyewe.

Unakumbuka siku nilipokujia mara ya kwanza? Nilitaka majani ya kikohozi cha Masanja. Nikaona dungusi zako, nikaruka nyuma. Mimi nimekulia nyuma ya ng'ombe, namjua mlangali, mti wa miiba usio na majani, maziwa yake yakimwingia ndama jichoni umempoteza. Nikakuambia, "Mama, unafugaje milangali midogo ndani ya makopo?" Ulichukua mwiba, ukachoma mlangali wa uani kwako, likatoka tone la maziwa. Ukachoma dungusi, likatoka tone la maji. Ukasema, "Hawa si ndugu. Wamefanana kwa shida walizopata, si kwa ukoo."

Mayu, sijawahi kupona maneno yale. Mmoja wa milima yetu hii, mwingine wa huko ng'ambo ya bahari, hawajawahi kuonana mpaka walipokutana uani kwako, na bado wote wawili walijifikiria peke yao: tupa majani, nenepesha shina, vaa miiba. Nani aliwaambia? Mpaka leo nikipita chini ya mlangali njiani namwamkia kimoyomoyo. Masanja anasema nimerogwa na Mrundi. Namwambia ndiyo, na wala sitaki dawa.

Kisha ukaniuliza jina. Nikasema Kabula, maana nilizaliwa mvua ikinyesha. Wewe na ulimi wako ukasema, "Kabura! Mbula ya kwenu, imvura ya kwetu, mvua ileile. Mungu wangu, amekuja adui wa dungusi zangu kwa miguu yake." Ulinitania hivyo miaka yote. Mawingu yakikusanyika unapiga kelele, "Kabura, waambie ndugu zako wapite mbali!"

Basi ndugu zangu hawakupita mbali. Nilimtoa Mgeni koponi, mizizi ikabaki kwenye udongo. Nikachukua kisu, nikakipitisha motoni, nikakata chini. Kahawia. Nikakata tena. Kahawia. Kila kipande kilichoanguka moyo wangu ulishuka nacho, kwa sababu huyu ndiye aliyekuja mgongoni mwako, na hakuna mwingine wa kumfuata kumng'oa. Nikakata mpaka akabaki kama chungwa, na hapo ndipo nikaiona nyama safi, na katikati ile pete ya mishipa uliyonionyesha. Lakini chungwa lisilo na mizizi, kwenye unyevu ule, ungeliweka juu ya udongo gani lisioze? Hata jivu lilikuwa linatoka jasho.

Njia ilikuwa moja tu, kubebesha. Ulinifundisha kwa dungusi nyingine: kata mpungate wa uzioni, ule usioogopa mvua, kichwa chake kiwe sawa kama meza. Weka wa juu. "Pete iguse pete. Mengine ni yao wenyewe." Halafu funga kwa kitambaa. Mpira wa tyubu ulikuwa unaukataa, ukisema mpira unabana bila kuchoka, lakini kitambaa kinajua kulegea.

Kitambaa sasa. Kanga zangu zote zilinuka ukungu, na ukungu juu ya kidonda kibichi ni kifo. Kilichokuwa kikavu ndani ya nyumba kilikuwa kimoja. Walipogawa nguo zako, wazee wa Katumba walinipa mimi mbeleko. Nilikuwa nimeiweka juu ya dari karibu na moshi, imefungwa na majani ya mwarobaini. Nikaishusha, nikakaa nayo mapajani. Inanukia wewe, sabuni ya mche na majivu. Ndani ya kitambaa kile alilala Yozefu, kisha Mgeni, na sasa natakiwa nikichane. Nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Yozefu, niazime." Nikavuta. Ilichanika kwa sauti ambayo bado naisikia.

Na nilipokuwa nazungusha ule ukanda juu ya Mgeni na chini ya kopo, ndipo neno liliponiingia. Kubebesha. Nimelisikia kwa bwana shamba akisema habari za michungwa, nimelitumia mwenyewe kwako mara ngapi, na sijawahi kulitazama usoni. Unamweka mmoja mgongoni kwa mwingine, unamfunga kwa kitambaa, unamwambia mbebe. Sasa ningemfunga kwa nini kama si mbeleko? Nikakaza fundo, mayu. Niliona kama ulikuwa umeniachia kazi ile tangu zamani, ukakaa kimya.

Nilimweka jikoni kwenye joto la moshi, bila tone la maji. Masanja alimpita akisema, "Mgonjwa wako wa meno anaendeleaje?" Nilivumilia. Siku nilipolegeza kitambaa, nilimshika Mgeni kwa vidole viwili na gunia, nikamwinua taratibu nione kama ameshika. Yeye akapanda, na mpungate ukapanda naye, na kopo zima likafuata. Niliganda nalo hewani. Miili miwili, na hakuna tena pa kuwatenganisha. Yule aliyekuwa anakufa kwa mvua sasa anainywa mvua ileile ya Mpanda kwa mizizi ya mwenyeji, na haimdhuru.

Masika mbili zimepita hivyo. Akanenepa. Ubavuni vikatokea vichipukizi, na havikuoza. Kisha kikatokea kitu chenye manyoya, kidogo kama sikio la panya. Nikadhani ni ugonjwa. Kikarefuka, kikawa kama kidole, kisha kama vidole viwili, nikawa naogopa hata kupiga chafya karibu yake. Jana jioni kilikuwa kimevimba na kimefumba. Leo natoka kwenda bombani, jua halijapanda, nakuta limefunguka.

Mayu, uliniambia na sikukuamini, nilidhani ni sifa za mtu anayekumbuka kwao. Ua jeupe, pana kama sahani ya chai, na kooni lina wekundu kidogo kama ulimi wa mtoto. Limetoka kwenye kitu kama ngumi yenye misumari! Nyuki walikuwa wameshafika. Nani aliwapa habari? Hawajawahi kuliona ua hilo, wala mama zao hawajawahi, na bado waliingia kama watu wanaoijua nyumba. Nilipiga magoti pale pale uani, na ndoo.

Mama Anyesi alisikia kimya changu, akaja. Akaziba mdomo. Kisha akauliza kwa sauti ya kanisani, "Ndiye yule?" Nikasema ndiye. Akasema, "Nimpe maji kidogo?" Tulitazamana. Tulicheka, mayu, tukashikana tusianguke, na kucheka kwenyewe kukageuka kuwa kilio, na yeye ndiye aliyenifuta uso kwa kanga yake.

Sasa ni alasiri, ua limeshasinyaa. Halikai, hata hilo ulisema. Kesho nitakata kichipukizi cha kwanza nikakibebeshe kwenye mpungate ulioota kando ya kaburi lako. Kingine kitakwenda Katumba, kwa yule mama wa ndoo, na nitampa na maneno yako. Kila kitakachofuata nitakifunga kwa ukanda wa mbeleko ile ile. Najua itaisha. Ikiisha nitaichana ya kwangu, niliyowabebea wanangu wote, na ikiisha hiyo wataendelea wao. Hilo nakuahidi, na unajua mimi si mtu wa kuahidi ovyo.

Wabeja, asante, mayu. Mvua inakusanyika upande wa Mwese, na leo sina haja ya kuiambia ipite mbali. Pumzika. Mgeni amevua viatu. Vua na wewe.

Kabura wako