Sakafu ya Mninga

Alhamisi, Basotu

Inang'aa mno, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mbao za mninga za nyumba ile ya zamani ni nzima. Lakini juzi nilipong'oa moja kabla ya kupiga msasa, nilikuta mihimili ya chini imeliwa na mchwa, inapondeka mkononi kama unga. Nikamwita mwenye nyumba aone.

"Mzee, sakafu hii haifai kukanyagwa."

"Fundi, nimekuita upake vanishi. Jumamosi ninaoza binti."

Nami mjinga nikairudisha ile mbao, nikapaka.

Leo amenisifu, akanialika. Nikamuuliza wakwe wanatoka wapi.

"Ni wafugaji wa Gendabi. Utawaona wakicheza humu humu sebuleni."

Nimeshawaona. Wanacheza kwa kuruka, wote kwa pamoja.